Onyo Lisilo na Neno

Kutoka Kitwe hadi Rumonge, Burundi, nilitumia muda mrefu kuliko nilivyomwambia rafiki yangu kwenye simu. Basi liliharibika kabla ya Mpulungu, na fundi aliyeitwa alikuja kwa baiskeli akiwa na spana moja. Mpulungu kwenyewe meli haikuwepo. Mwuza tiketi alisema itakuja wiki hii au ile nyingine, basi nikawa nakaa kwenye ukuta wa bandari pamoja na wachuuzi kutoka Kongo, nikisikiliza lafudhi ya kwetu ambayo masikio yangu yalikuwa yameikosa kwa miaka. Meli ilipofika nilijilaza kwenye sitaha kati ya magunia ya sukari na mama mmoja aliyesafirisha kuku. Kigoma nilipumzika kwa fundi wa redio niliyewahi kumfanyia kazi, kisha nikapanda boti la mbao lenye mashine hadi Nyanza-Lac, mvua ikitunyeshea njia nzima.

Toka pale nilipata nafasi juu ya pikapu iliyojaa ndagala, dagaa wa ziwani, wakavu. Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita, lakini sisi tuliokuwa barabarani hatukujua kwamba ni ya mwisho. Kwenye kizuizi tuliambiwa tushuke na kufungua mizigo. Askari kijana alitoa diski moja kutoka kwenye begi langu, akaigeuza, akaitazama dhidi ya jua kana kwamba angeona kitu ndani.

"Hii iko na nini?"

"Kazi yangu, afande."

"Kazi gani inaingia humu?"

Watu walicheka, naye akacheka, akanirudishia. Tulipoingia msitu wa Kigwena, ambako magari yalikuwa yakivamiwa, hakuna aliyecheka tena. Dereva alikanyaga mafuta, na mwanamke aliyekaa kando yangu akajifunika kitenge usoni mpaka tulipotokea upande wa pili, kwenye michikichi na harufu ya mawese yanayochemka. Hapo alijifunua akaniambia, "Umefika, baba. Rumonge ndiyo hii."

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nikiwa mdogo niliona milima ya Burundi kila siku bila kuifikiria. Sasa nilisimama chini ya milima hiyo nikaona ya kwetu, myembamba, ya buluu, mbali kiasi cha kupendeza. Nilikuwa nimekaribia miaka thelathini, nimeishi katika miji mingi kuliko niliyoweza kuieleza kwa mtu bila kuonekana mwongo, na nilikuwa nimechoka kufungasha. Nilikuja Rumonge nikiwa na nia moja ambayo sikumwambia mtu: kukaa.

Rafiki yangu alinipokea stendi. Tulikutana miaka kadhaa nyuma huko Kigoma, katika duka moja la kutengeneza kompyuta, mimi na cheti changu cha sekondari na yeye na chake. Alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Waswahili pale Rumonge, mtu wa maneno mengi na kofia safi.

"Mukongomani! Ulikuja kwa miguu?"

"Karibu sana na hivyo."

"Twende, Mama amekungoja mpaka amekasirika."

Mama yake alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mjane. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akauliza kama ng'ambo chakula kilikuwa kimekwisha, akamwagiza binti wa jirani alete maji ya kunawa. Tulikula kwenye sinia moja, yeye, mwanawe na mimi: ugali, samaki aina ya mukeke wa kuchoma, na sombe, yaani kisamvu, iliyojaa mawese. Pale kwao, sinia haina heshima nyingi. Kila mtu ana upande wake, mkubwa anasukuma kipande cha samaki kwa mdogo, na anayechelewa anakuta mifupa. Nilipokuwa nasita, aliusogeza mgongo wa samaki mbele yangu kwa kidole.

"Kula, mwanangu. Hapa hatukaribishi mara mbili."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Chama cha wanawake wauza samaki kilikuwa kimepata kutoka kwa wafadhili nyumba yenye vyumba viwili vya baridi, jenereta, na kompyuta kuukuu. Samaki wabichi, mukeke na sangala, waliwekwa humo jioni, na asubuhi malori yaliwapeleka Bujumbura chini ya ulinzi wa askari. Rafiki yangu aliwashawishi kwamba kompyuta ile inaweza kuangalia joto la vyumba yenyewe, kwa waya na vipimajoto, na kupiga kelele likipanda. Alihitaji mtu wa kusaidiana naye, akaniita. Tuligawana: yeye akachukua upande wa vyumba na joto, mimi nikachukua upande wa kuandikisha samaki, wa nani wako chumba gani.

Programu aliiandika kwa Java, lugha ya kompyuta. Mimi nilikuwa mtu wa Delphi, lugha niliyojifunza Lubumbashi, kwa hiyo wiki za kwanza nilikuwa mwanafunzi wake. Nakumbuka vizuri somo moja, maana ndilo lililonifukuza Rumonge.

Programu inapokutana na jambo baya, waya umekatika au joto limepanda, inatupa kitu tulichokiita hitilafu. Hitilafu hubeba ujumbe, maneno ya kumwambia mtu kilichotokea. Lugha inakuja na hitilafu yake, mzazi wa zote, na wewe unaweza kuunda klasi yako, mtoto wake, ukaipa jina linalolingana na kazi yako. Kila klasi ina konstrakta, kipande kinachofanya kazi wakati kitu kinapoumbwa, na kwa hitilafu ndicho kinachopokea ujumbe na kuuweka mahali pake. Katika Delphi niliyoizoea, mtoto hurithi konstrakta ya mzazi. Unaandika jina la mtoto na la mzazi, basi, umemaliza. Nikafanya vivyo hivyo katika Java. Kompaila, ile inayosoma tulichoandika na kukigeuza kuwa programu, ikakataa.

Rafiki yangu alicheka mpaka akavua kofia.

"Wee Mukongomani, hapa hakuna urithi wa bure! Mtoto anarithi nyumba, anarithi shamba, lakini konstrakta harithi. Aandike yake, na humo ndani amwite baba yake mwenyewe."

"Amwite vipi?"

"Super. Unaandika super, unampa ujumbe mkononi. Usipompa, baba anakuja bila kitu, na ujumbe unapotea. Na Java haikuambii! Inanyamaza kama mke aliyenuna."

Nilielewa mara moja, na sikukosea tena. Kila hitilafu ya upande wangu ilikuwa na konstrakta yake, na ndani yake mstari wa kwanza ulikuwa ule ule, super(ujumbe). Yeye alipenda kulisimulia kosa langu. Alilisimulia kwa kinyozi, kwa wauza chai, kwa mama yake ambaye hakuelewa ila alicheka kwa sababu mwanawe anacheka. Sikuona ubaya. Mtu akisimulia kosa lako mtaani, maana yake una mtaa.

Miezi ile ilikuwa mizuri, na sijui kuisema bila kuiharibu. Asubuhi nilitembea ufukoni kuangalia wanawake wakitandaza ndagala juu ya mchanga na kuwafukuza kunguru kwa matusi ya lugha tatu. Walianza kunisalimia kwa Kirundi, mtu wa kompyuta. "Amahoro, wa ordinatere!" Mwenyekiti wa chama, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, alinipa ufunguo wa ofisi, na jambo hilo lilisemwa hadharani ili ijulikane. Kisha siku moja, tukiwa kwenye sinia, mama wa rafiki yangu alisema kwamba marehemu mumewe aliacha kipande cha ardhi Kigwena, michikichi kadhaa, na kwamba mwanawe hana mpango nacho.

"Vita ikitulia nitakuonyesha. Mwanaume wa umri wako analala kwenye nyumba ya watu mpaka lini?"

"Unamfukuza, Mama?" rafiki yangu akauliza.

"Namfunga kamba," akasema.

Niliinama kwenye ugali ili wasione uso wangu.

Klasi ya hitilafu ya joto aliiandika yeye, mchana wa siku ya nikahi ya binamu yake. Nakumbuka kwa sababu alikuwa amevaa kanzu na alikaa ukingoni mwa kiti ili isikunjike. Mimi nilikuwa nje kwenye ngazi, naunganisha waya. Nilimsikia akisonya.

"Nini?"

"Kompaila inalia. Ati konstrakta haioni."

"Andika basi."

"Nimeandika. Nimeshainyamazisha." Akatoka, akafunga mlango, akanishika bega. "Twende, wali unapoa."

Hatukuwahi kuijaribu klasi ile. Ili kuijaribu ilibidi chumba kipate joto, na hakuna mwanamke wa chama ambaye angekubali chumba kipate joto kwa ajili ya majaribio.

Mlinzi wa usiku, ambaye kule wanamwita zamu, alikuwa mzee mpole aliyewahi kupika jikoni kwa mapadri. Maagizo yake yalikuwa mepesi: kompyuta ikitoa kisanduku chenye maneno, asome, amkimbilie fundi wa jenereta aliyelala nyuma ya soko. Lakini rafiki yangu, kwa utani wake, alikuwa amemwongezea jambo. Alimwambia kwamba mashine ile inamwona akisinzia, na kwamba itakuwa ikimuuliza kama yuko macho. Tulicheka wote, hata mzee.

Kisha barabara ya Bujumbura ikafungwa. Kulikuwa na mapigano upande wa Muhuta, magari yalirudishwa kabla ya Gitaza, na hakuna aliyejua lini yataruhusiwa. Wavuvi waliendelea kuleta samaki, kwa sababu samaki hawajui barabara, na wanawake wakaendelea kununua wakitumaini kesho. Vyumba vikajaa mpaka mlangoni. Samaki ambao kwa kawaida hulala humo usiku mmoja walikaa, wakaongezwa wengine juu yao. Karibu kila mwanamke wa chama alikuwa na vyote alivyokuwa navyo ndani ya nyumba ile, na mama wa rafiki yangu alikuwa na kreti nyingi kuliko wengine.

Asubuhi ile nilijua kabla ya kufika. Harufu ilikuwa imeshavuka barabara. Wanawake walikuwa wamesimama nje, wengine wamekaa chini, mwenyekiti ameshika mlango wa chumba cha pili kwa mikono miwili. Mashine ya kupoza ilikuwa imekufa jioni. Jenereta ilikuwa ikiunguruma vizuri, ndiyo maana jirani yeyote aliyesikiliza alidhani mambo ni sawa.

Zamu alikuwa ofisini, amekaa mbele ya kompyuta, macho mekundu.

"Haikukuambia kitu?" rafiki yangu alimuuliza.

"Iliniuliza."

"Ilikuuliza nini?"

"Kama niko macho! Si ulisema itaniuliza? Kisanduku kilikuja, hakina neno. Nikabonyeza. Kikaja tena, nikabonyeza. Usiku muzima, patron, naijibu tu. Sikulala hata kidogo." Alitutazama akitegemea asifiwe.

Nilivuta kiti, nikafungua klasi ya joto. Ilikuwa fupi. Jina, mzazi, na konstrakta iliyopokea ujumbe. Ndani ya konstrakta hakukuwa na kitu. Mabano mawili, la kufungua na la kufunga, na kati yake nafasi tupu. Alikuwa ameiandika ili kompaila iache kulia, na kweli ikaacha. Maneno aliyoyaandika kwingine, maneno mazuri ya kumwambia zamu ni chumba kipi na amkimbilie nani, yaliingia kwenye konstrakta ile yakaishia humo, na mzazi alikuja bila kitu. Kila mara chumba kilipopata joto, hitilafu ilitupwa kama inavyotakiwa, ikakamatwa kama inavyotakiwa, na kisanduku kikatokea bila neno lolote.

Rafiki yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake. Alikuwa ameona.

"Ndugu," akasema kwa sauti ndogo. "Tusiseme kwanza. Hasira ipungue."

"Utawaambia wewe?"

"Nitawaambia. Kwenye mkutano."

Nilikubali. Lilikuwa jambo la haki, mtu aseme lake kwa mdomo wake.

Mkutano ulifanyika ndani ya banda la kukaushia, baada ya samaki kuzikwa. Wanawake walikaa juu ya mikeka, na nyuma walisimama wanaume wachache waliojialika, mmoja wao mtu wa ofisi ya zone, yaani serikali ya mtaa. Mwenyekiti aliuliza swali moja: kwa nini mashine haikusema?

Rafiki yangu alisimama. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili na Kirundi, hata mimi nilifurahia jinsi alivyoeleza. Alisema onyo lilikuja lakini ujumbe haukukabidhiwa kwa mzazi, ukapotea. Wanawake walielewa. Mmoja akasema, "Kama mutoto umemutuma akafika akasahau kilichomuleta." "Ndiyo hivyo hivyo," akajibu. Kisha akavua kofia.

"Sasa munajua kile kisa nilichokuwa nikiwasimulia. Cha Mukongomani na urithi."

Watu kadhaa walianza kutabasamu, kwa mazoea.

"Huyu ni fundi, sikatai. Lakini alijifunza lugha ingine, ambayo mutoto anarithi kila kitu. Nilimwambia mara ngapi? Mimi Java ndiyo lugha yangu. Kosa hili mutu wa Java hafanyi. Analifanya mutu wa Delphi."

Hakusema uongo hata mmoja ambao ningeweza kuushika kwa mkono. Hakusema "ni yeye aliyeandika." Alikunja kofia, akakaa.

Nilisimama. "Klasi ile sikuiandika mimi."

"Nani basi?" mwenyekiti akauliza.

Nilimtazama rafiki yangu. Yeye alitazama mkeka. Nilitegemea bado kwamba atasema mwenyewe, na hili ndilo linaloniuma ninapolikumbuka. Mama yake alikuwa kwenye mstari wa mbele, amefunga mikono juu ya magoti.

"Aliandika yeye," nikasema. "Siku ya nikahi. Alikuwa na haraka."

"Aaa, sasa anamusukumia mwenzake!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Aliyemupa kitanda!"

"Kisa chake kila mutu anakijua," mwingine akasema. "Hata kinyozi anakijua."

"Kwani ng'ambo hawana samaki wa kuozesha?"

Hapo wengine wakacheka, lakini mtu wa zone hakucheka. Aliuliza nimeingia nchini kwa njia gani na nani alinituma kwenye nyumba ya chama. Siku zile swali kama hilo lilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, wa jela. Mwenyekiti ndiye aliyeniokoa, kwa namna yake.

"Hakutumwa na mutu. Hajui kazi, basi. Kutojua kazi si vita." Akaninyooshea mkono. "Lete ufunguo."

Niliutoa mfukoni nikampa, mbele yao wote.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani kwa sababu sikuwa na pengine. Maji ya kunawa yalikuja kama kawaida. Kisha binti wa jirani akaleta sinia, akaiweka mbele ya mama na mwanawe, akarudi jikoni, akaniletea mimi sahani. Sahani nzuri, ya udongo, yenye maua pembeni, na juu yake samaki mzima, mkubwa kuliko wa kwenye sinia, ugali umeviringwa vizuri, na kijiko. Iliwekwa juu ya meza ndogo kando ya dirisha.

"Mama," nikasema, "nitakula hapa na nyinyi."

"Kaa hapo, upate nafasi. Wewe ni mgeni wetu."

Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. Nilikaa mezani. Rafiki yangu alikuwa amenipa mgongo, anatoa miiba. Nilikula samaki yule wote kwa kijiko, maana kumwacha kungekuwa matusi.

Alipotoka mwanawe kwenda kuswali, nilimuuliza.

"Mama, unaamini ni mimi?"

Alikuwa akikunja kitambaa cha sinia. Alikikunja mpaka kikawa kidogo.

"Siku ya nikahi alirudi akisema ameinyamazisha mashine. Nilisikia. Mimi si kiziwi."

"Basi unajua."

"Yule nimemzaa. Chama kikijua ni yeye, sisi tunakwenda wapi? Kaburi la baba yake liko hapa." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wewe ulikuja, mwanangu. Uliyekuja unaweza kwenda."

Aliniita mwanangu, na katika pumzi hiyo hiyo akanitoa. Nilichukua sahani nikaipeleka jikoni mwenyewe.

Na rafiki yangu nilizungumza kesho yake, nyuma ya nyumba, alipokuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye mpapai.

"Ulisema utawaambia."

"Niliwaambia kilichotokea."

"Uliwaambia ni mimi."

"Nilisema hivyo? Nani alinisikia nikisema hivyo?" Kisha mabega yake yakashuka, akaweka wembe chini. "Sikiliza, ndugu. Wewe unajua kuondoka. Leo Kitwe, kesho Kigoma, kesho kutwa sijui wapi, na kila mahali unapata kazi na unapata rafiki. Ulinisimulia mwenyewe, nilikuonea wivu. Mimi nina mji mmoja. Nikiharibikiwa hapa, nimeharibikiwa. Wewe unapoteza nini?"

"Nilitaka kukaa."

"Hukusema."

"Mama yako alijua."

"Mama anasema mambo mengi kwenye chakula," akasema, akarudi kwenye kioo.

Ningeweza kumsamehe woga. Vita ilikuwa imetufundisha wote kuwa waoga, na mtu wa zone hakuwa mzaha. Lakini alikuwa amekaa akapiga hesabu, akachukua safari zangu zote, usiku wa kwenye sitaha, vyumba vya kupanga, miji niliyoiacha nikiitamani, vitu nilivyomsimulia kwa sababu nilimwamini, akaona kwamba vinamfanya mtu awe rahisi kutupwa.

Barabara ilipofunguliwa chama kiliamua kuendelea na mashine, ila mbele ya wote ijaribiwe. Nilikwenda kutazama, nikasimama nje dirishani, hakuna aliyenikataza. Rafiki yangu alikaa kwenye kiti. Alifungua klasi ya joto, akaweka kishale katikati ya yale mabano mawili, na bila kusita, bila kufungua kitabu, akaandika super(ujumbe). Alikuwa akijua tangu mwanzo, maana ndiye aliyenifundisha. Kisha akaomba kikombe cha chai ya moto, akatumbukiza kipimajoto ndani yake. Kisanduku kikatokea kwenye kioo, kimejaa maneno. Zamu akayasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, chumba cha pili, joto limepanda, mwite fundi.

Wanawake wakapiga makofi. Mmoja akapiga vigelegele. Mwenyekiti akampa rafiki yangu mkono na kumshukuru, "Murakoze sana, mwanangu, umetengeneza alichoharibu." Naye akainamisha kichwa, kama mtu mnyenyekevu.

Nilianza kufungasha mchana huo huo. Kazi hiyo naijua vizuri.

Boti la Kigoma liliondoka asubuhi ya soko. Rafiki yangu alisisitiza kunisindikiza, akabeba begi langu begani katikati ya mtaa ili kila mtu aone. Alisalimiana na watu njiani. "Namsindikiza ndugu yangu!" Watu wakasema safari njema. Mama yake hakutoka nyumbani, alisema miguu inamsumbua.

Ufukoni kulikuwa na abiria wengi, wanawake wa chama miongoni mwao, wameshuka kupokea samaki. Kwa Waswahili wa pale, anayesafiri na anayebaki huombana radhi kabla ya kuachana, hata kama hawajagombana, kwa sababu hakuna ajuaye ziwa. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara nyingi na kulipenda. Rafiki yangu aliweka begi chini kwenye mchanga, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akapaza sauti kidogo.

"Ndugu yangu, tumeishi pamoja. Kama kuna lolote nilikukosea, unisamehe."

Watu waliokuwa karibu wakatugeukia, wakisubiri jibu linalojulikana. Nahodha alikuwa ameshaanza kuita majina.

"Sema ni lipi," nikamwambia.

Hakutegemea. Alitazama wanawake, akatazama boti, akarudi kwangu. Mikono yake ilikuwa bado imenishika, na nilihisi vidole vinalegea na kukaza. Ningekubali hata neno moja, hata kwa kunong'ona, pale pale, na nadhani ningeokota begi langu nikarudi naye nyumbani, nikale popote watakaponiweka.

"Lolote," akasema.

Nilitoa mkono wangu, nikachukua begi, nikaingia majini mpaka magotini na kupanda.